Shangazi Atalala Porini

Kampi ya wageni, Epulu
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu Musoki,

Salamu zangu zikukute na afya, weye wa kwanza, kisha Christella hapo dukani, kisha jirani yetu mama Adeline na ile sauti yake inayoamusha mutaa yetu ya Shari nzima. Siye huku tuko wazima. Malaria ilinishika wiki jana ikaniachia, kwa hiyo usishituke na usitume dawa, iko hapa. Mvua inanyesha kila mangaribi, na mto umejaa mupaka kwenye mawe tunayofulia nguo.

Baudouin alisimamisha lori yake barabarani, akanipa barua yako na mufuko ya maharagi. Barua nilisoma mara mbili. Maharagi tulikula watu wote ya kampi, na Suzanne, yule mama Mumbuti anayetujengea vibanda, alisema mutu aliyetuma maharagi kama hii lazima iko na roho nzuri. Sikumukatalia.

Uliniuliza mambo matatu: kama ninakula, kama ninasali, na siku gani ninarudi Bunia. Ninakula. Bugali, sombe, ndizi, samaki ya mutoni, hakuna siku ninalala na njaa. Na ninasali. Jumapili tunatembea mupaka kijijini kwenye shapele, na njiani tunaimba.

Sasa sikia habari. Unajua nilikuja huku kwa staje ya miezi mitatu, kujifunza kazi tu, na huu ni mwaka wa pili. Kazi yenyewe ni kuongoza wageni: kuwapitisha ndani ya rezerve, hii pori inayolindwa, kuwaambia huu ni muti gani, ile ni ndege gani, kuwarudisha salama. Mbele walikuwa wanakuja muchana na kuondoka. Sasa tumepata ruhusa ya kuwalaza ndani ya pori yenyewe, mbali kidogo na barabara, kwenye vibanda vya majani vile Wambuti, wenyeji wa hii pori, wanajenga tangu zamani. Wanafunzi wa Kisangani wamelala, mapadri wawili wamelala. Watu ya Bunia, hakuna hata mumoja. Wanapita hapa na malori kila siku kwenda Nia-Nia na Kisangani, wanafunga madirisha, wanasema pori iko na giza.

Shangazi, ninaomba uje. Chukua mama Adeline na mama wengine wa kwaya, mwezi wa kwanza, wakati mvua imepunguka. Nataka uone kitu ninachofanya, maana kwa barua siwezi kukieleza vizuri, na rezo ya simu haifike humu.

Mutoto yako,
Fiston Paluku


Shari, Bunia
2 Novemba 2024

Kwako Fiston, mutu ya pori,

Nimekaa nyuma ya kaunta, mvua inapiga mabati, wateja hawako. Basi niko na nafasi ya kukugombeza polepole.

Salamu kwanza. Siye wazima. Mbuzi imezaa mapacha, yote dume, bahati yangu. Christella, yule binti ya Mahagi uliyemuacha hapa na haya mingi, sasa anauza kunipita. Wateja wanamupenda, wanasema hagombeze kama mwenye duka. Adeline anaumwa na magoti, lakini sauti haijaumwa na kitu.

Sasa tusemezane. Nilikuuliza maswali tatu, ukajibu mbili. Ni mimi nilikufundisha kuhesabu, hapa hapa, na vipande ya sabuni. Ulifikiri sitaona?

Tangu baba yako, kaka yangu, atutoke, ukakuja kwangu na mufuko moja ya nguo, nilisema: huyu ndiye atashika duka. Nikakusomesha. Ukamaliza, ukasema unaenda staje, ni ya miezi tatu tu, nikakufungia maandazi ya njia. Watu ya kanisa wananiuliza, Paluku yako iko wapi? Nasema iko pori. Wananitazama kama vile nimesema iko gerezani. Siye watu ya Butembo pori tunaifyeka, tunapanda kahawa, tunauza. Kulala ndani yake kwa kupenda, hiyo nimeisikia kwako.

Lakini nimefikiri. Nitakuja. Usifurahi haraka, nakuja kupima. Masharti ni kama ya soko, tukishikana mukono hakuna kurudi nyuma. Nitalala humo usiku mbili. Usingizi ikinikataa, juu ya baridi, juu ya wadudu, juu ya woga, juu ya kitu yoyote, tunarudi pamoja na unashika duka. Nikilala usingizi ya kweli, basi unabaki, na ile swali ya tatu sitaiuliza tena mupaka siku ya kunizika. Na mutu ya kusema kama nimelala ao sikulala ni mimi mwenyewe. Nani mwingine atajua?

Jibu kama unakubali.

Shangazi yako,
Musoki


Kampi ya wageni, Epulu
24 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Nakusalimia kwa heshima na kwa woga kidogo. Pongezi kwa mbuzi. Muambie Christella namupigia makofi, na mama Adeline nitamutafutia fimbo nzuri ya kutembelea.

Nimekubali. Nilikaa na barua yako siku kadhaa, kwa sababu najua weye husemi kitu ya mucheko ukisema masharti. Nikishindwa ni lazima nirudi, na nitarudi bila kununa. Lakini acha nikuambie wazi kitu nilichokuwa naogopa kuandika: nataka kubaki. Naipenda kazi hii. Nikiamuka asubuhi sijiulize nitafanya nini na maisha yangu. Naweka miguu ndani ya viatu, naenda.

Sasa mambo ya safari. Mulete viatu vya kufunga, vya kupanda lori kwa raha muviache. Mulete majaketi, juu asubuhi iko baridi, na plastiki kubwa ya mvua. Radio ibaki nyumbani. Na bidhaa, Shangazi, tafadhali. Najua utaniambia mukono mutupu haulambwi, na sijawahi kukuona unasafiri bila kitu ya kuuza. Lakini kampi si soko, humu biashara haturuhusu.

Nilimusomea Suzanne masharti yako. Alicheka mupaka akakaa chini. Kisha akauliza kitu kimoja tu: huyo mama analalia ubavu gani? Anataka kujua namna ya kutandika majani.

Mutoto yako,
Fiston


Shari, Bunia
20 Desemba 2024

Fiston,

Noeli njema kwako na kwa watu yote ya kampi. Huku nyumba iko sawa, mbuzi zinakula nguo za jirani. Barua yako imechelewa, Baudouin anasema alizama kwenye matope mbele ya Mambasa, na yeye mwenyewe alifika hapa na rangi ya tope.

Tunakuja nyuma ya Bonane, mwaka mupya ikishaingia, mama tano, kwa konvwa ya malori. Adeline ametushonea sare ya safari, kitenge ya majani majani, eti nyama za pori zisituone. Muchungaji ametuombea kama watu wanaoenda vitani. Christella atabaki na duka.

Umesema tusilete bidhaa. Nimesikia. Kusikia nimesikia.

Nalalia ubavu ya kushoto.

Musoki


Kampi ya wageni, Epulu
29 Januari 2025

Shangazi yangu,

Natumaini mumefika salama na magoti ya mama Adeline imesahau njia. Huku wote wanawasalimia. Tangu muondoke, kampi iko kimya mupaka ndege zinashangaa.

Najua ulikuwepo, lakini acha nikuandikie vile mimi niliona, juu bado naifurahia. Niliona mama tano wanashuka kwenye lori na kitenge moja, wamepangwa kama kwaya ya Pasaka, na muzee Xavier, anayefuata nyayo za nyama kuliko mutu yoyote, anaguna: hawa wataogopesha hata miti. Niliona ile sabuni uliyoficha chini ya unga. Nilinyamaza. Kesho yake kila mama Mumbuti alikuwa ananukia sabuni na weye uliondoka na vikapu vitatu. Mutu akiniuliza, nitasema zilikuwa zawadi.

Na ile asubuhi ya okapi, ile nyama ya miguu ya mistari kila mugeni anakuja kutafuta. Tulitembea tukiwa tumefunga midomo, hata mama Adeline, na mimi nilikuwa namuona vile anateseka. Xavier akasimama, akaonyesha chini. Ilikuwa kinyesi ya okapi, mupya, bado na unyevu. Yeye mwenyewe ameshapita. Nilifikiri mutakasirika, safari yote ile kwa kinyesi. Nyiye mukainama, mukazunguka, mama Adeline akaipiga foto, kisha akaimba zaburi nzima, na Xavier akaanza kuitikia bila kujua maneno. Nimeongoza wageni wengi. Hakuna waliomushukuru Mungu kwa kinyesi.

Kitu kimoja sijaelewa. Siku muliyofika, niliwaacha nikaenda kuandikisha majina yenu kwa walinzi. Nilimuacha Suzanne anaanza kusimamisha kibanda yako, na mulango ikitazama njia ya barabarani. Nilirudi, mulango inatazama hema yangu. Nikakuuliza nani ameigeuza, ukasema ni upepo. Shangazi, upepo haichomoe fito na kuzichimbia upande mwingine. Nimemuuliza Suzanne, anasema maneno ya vibanda ni ya wanawake.

Na ile ingine, kubwa. Ulinikumbatia, ukapanda kwa Baudouin, nikauliza: Shangazi, umelala? Ukasema, utasoma. Ninangojea kusoma. Kila lori inayosimama ninaenda mbio.

Siseme kitu, si kazi yangu kusema. Lakini Suzanne anakusalimia sana, anauliza kama ule mukoromo umefika salama Bunia, ao uliuacha humu, maana kampi imeanza kuukosa.

Mutoto yako,
Fiston


Kampi ya wageni, Epulu
26 Februari 2025

Shangazi,

Nakusalimia tena. Niko muzima. Suzanne amepata mujukuu, mutoto wa kike, wanamuita Orly.

Baudouin amepita. Anasema alikupa barua yangu mukononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaifunga ndani ya kitenge, ukamupa chai na ukamuambia hakuna jibu. Nimejaribu kuelewa hakuna jibu maana yake nini. Kama nimeshindwa niambie, nitafunga mufuko. Nilikupa neno yangu na sitairuka. Lakini usiniache hivi, siwezi kula vizuri.

Fiston


Shari, Bunia
16 Machi 2025

Fiston wangu,

Nimekuacha unangojea, najua. Barabara ilikatika Komanda, hiyo ni kweli, lakini haikukatika siku zote hizo. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika. Pole kwa chakula.

Salamu. Mimi muzima, Christella muzima. Mufikishie Suzanne pongezi, na hiki kitambaa ni ya kumubebea Orly. Adeline anatembea Shari nzima anasema tuliona okapi, kubwa, na mutoto yake nyuma. Mimi nanyamaza, juu ni rafiki yangu. Mama wengine wamemusikia, sasa wanakuja kwangu kila siku wanauliza tunarudi huko lini, kama vile mimi ndiye mwenye pori.

Sasa ile mulango. Upepo haikugeuza kitu.

Ulipotuacha, Suzanne aliniuliza: mama, mulango yako itazame wapi? Nikasema, itazame njia. Nani hajui hiyo? Nyumba ya mutu anayeuza inatazama barabara. Ya mama yangu kule Butembo ilitazama barabara, hii ya Shari inatazama barabara, hata miaka niliuza vitenge kule Bule nilipanga chumba ya kutazama barabara. Suzanne akanitazama, akakunja fito, akapanga majani, ikakuwa vile nilitaka. Nikaingia nikakaa na roho nzuri. Mugongo ya kibanda yangu ilitazama kampi yote, na zaidi ilitazama kibanda ya Adeline. Mimi sikujua kama hiyo ni neno.

Kidogo mama mumoja Mumbuti anakuja na ndizi ya kuchoma, anakaa, ananipa pole. Nikafikiri ni pole ya safari. Mwingine anakuja, anaweka mukono kwenye bega yangu, pole mama. Nikaanza kuogopa, nikasema labda kuna mutu amekufa Bunia na wananificha. Halafu muzee Xavier anasimama katikati ya kampi, anajifunga kitenge kichwani kama mimi, anakunja mudomo, anageuzia watu matako, anakaa. Kampi ikacheka mupaka wengine wakalala chini. Nikauliza, huyu anaiga nani? Suzanne akasema, weye. Tuambie umegombana na nani. Kwetu mutu akigeuzia wenzake mugongo ya kibanda, iko na neno na mutu, na hatumuachi alale na neno.

Nikasema sina neno na mutu. Hawakuamini. Kisha Adeline, masikini, anatoka na machozi: Musoki, ni juu ya kitenge yako ile niliunguza na pasi? Nilikuwa nataka kukuambia. Fiston, hata sikujua kama kitenge imeungua. Nilikuwa nafikiri niliisahau kwa fundi. Nikacheka mupaka nikashika mbavu, yeye pia akacheka, tukakumbatiana, nikafikiri maneno imeisha.

Suzanne hakucheka. Akasema, kama haiko huyu, iko nani? Mulango haigeuke bure.

Nilitaka kumuelezea mambo ya barabara na biashara. Mudomo ikasema kitu ingine. Ikasema: niko na kasirani na mutoto yangu. Nilimulea mimi, na amechagua hapa kuliko kwangu. Nikalia mbele ya watu, mimi Musoki, ambaye hata kwenye kilio ya baba yako nilikuwa nagawa sahani.

Hakuna aliyenicheka. Hata Xavier alifungua kile kitenge kichwani. Suzanne akachomoa fito za mbele, akahamisha majani, akafungua mulango upande ya hema yako, akasema: sasa kaa hapo, akirudi umuambie neno yako.

Nikakaa. Ukarudi, na hukuniona. Ulikuwa na walinzi wawili, unawaonyesha kitu juu kwenye muti, unacheka na kichwa nyuma vile kaka yangu alikuwa anacheka. Nilikulea miaka yote ile na sijawahi kukuona unacheka vile. Hapa dukani ulikuwa unacheka, ndiyo, lakini na adabu, kama mutu iko kwa watu. Pale ulikuwa kwako. Nikaitafuta ile neno niliambiwa nikuambie, sikuipata tena. Furaha ilinishika, Fiston, na nilikuwa nimekuja na masharti. Ndiyo maana nikasema upepo.

Basi masharti. Mufanyabiashara haruke neno yake. Nililala. Usiku ya kwanza nililala kama mutoto aliyeshiba, na ya pili Adeline alinivuta muguu ndipo niamuke. Muambie Suzanne mukoromo imefika salama. Ile swali ya tatu siiulize tena.

Duka atashika Christella. Nimemuambia, akalia, nikamuambia asilie mbele ya wateja.

Kitu moja ya mwisho. Chumba yako ya nyuma, tangu uende, kila Jumamosi nilikuwa naifagia, nageuza godoro, natandika shuka safi, nafunga mulango. Nimeipangisha. Ni mwalimu mumoja, Michel, na muke yake, watu ya kimya. Ukikuja Bunia utalala salo, chumba ya mbele, kama wageni wote wenye kwao. Jana ilikuwa Jumamosi. Nilishika fagio asubuhi, nikakumbuka, nikairudisha mahali yake, nikaenda kukaa kwa Adeline.

Shangazi yako,
Musoki